Mchoro Uliorudi Bila Alama

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Chumba nilichopewa kina dirisha moja tu, nalo linatazama karakana ya magari, kwa hiyo usiniulize kama nalala vizuri. Nyundo zinaanza kabla sijafungua macho.

Kazi yenyewe ni hii. Barabara inapita ubavuni mwa kilima, na kila mvua ikinyesha udongo wa juu unataka kushuka kwa watu. Nimekabidhiwa ukuta wa kuuzuia. Wote, Baba, tangu msingi hadi kichwani! Jina langu ndilo litakaloandikwa kwenye kona ya mchoro, si la bosi niliyemshikia kalamu. Nilipoambiwa nilitoka nje nikajifanya napokea simu, kumbe nacheka peke yangu kama mwehu.

Nakutumia michoro kwa basi, imo ndani ya lile bomba la plastiki. Ningeweza kuipiga picha nikaituma kwa simu, ila najua jibu lako: kwenye simu mtu haoni mchoro, anaona kivuli chake. Basi ipitie kama kawaida, kwa kalamu yako nyekundu, na usinihurumie. Tangu niko chuo hujawahi kunirudishia karatasi safi hata siku moja. Mwaka wa kwanza nilikuwa nazifungulia chooni, nisije nikalia mbele ya wenzangu. Siku utakayonirudishia mchoro bila alama ndiyo siku nitakayojua kwamba nimekuwa mhandisi.

Goti la Mama linaendeleaje?

Mwanao,
Futi


16 Februari

Kwa Futi,

Marahaba. Michoro imefika, ila bomba limepondeka kichwa, nadhani kondakta aliligeuza kiti. Wenzako huko wanajua kwa nini unaitwa Futi? Waambie ulikuwa hunifiki kiunoni, ukinifuata kazini umening'iniza futi yangu ya kupimia shingoni, unapima hadi mbwa wa watu.

Haya, tuje kwenye kazi. Msingi wako ni mfupi upande wa mbele. Ukuta ukisukumwa na udongo utataka kuinama kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Uongeze. Nondo umezibananisha mno, zege litapenya wapi? Unadhani zege lina meno? Na hapo kwenye kona umeandika kipimo kimoja juu na kingine chini. Fundi atachagua kile kinachomrahisishia kazi, na hutakuwa na la kumwambia.

Viatu vya kazi nilivyokutumia vilikufika?

Kwenye maji umenifurahisha. Umeweka kokoto nyuma ya ukuta, na matundu ya kutolea maji yamepangwa vizuri. Hapo sina neno. Udongo mkavu ni mzigo wa kawaida, ukuta unaubeba bila kulalamika. Udongo ulioshiba maji ndio unaoangusha kuta. Ukuta usio na matundu umeufanya bwawa, na wewe hukuujenga uwe bwawa. Nimekwenda kuangalia kuta nyingi zilizoanguka katika maisha yangu ya kazi, na karibu zote zilikufa kwa maji.

Goti la Mama yako limetulia, ulimi ndio haujatulia. Anakusalimu.

Niambie kama viatu nilivyokutumia vilikufika.

Baba yako,
Mkaguzi Mkuu Asiye na Mshahara


21 Machi

Baba,

Shikamoo. Viatu vilifika tangu wiki ile niliyohamia hapa, na nilikushukuru kwa simu, tukaongea hadi ukaniambia nizipake mafuta ngozi zake. Umeshasahau? Uzee huo, Mkaguzi Mkuu!

Hapa mambo yamegeuka. Wakubwa wameamua barabara ipanuliwe, kwa hiyo ukuta unasogea ndani ya kilima na unapanda juu zaidi. Mahesabu yote nimeanza upya. Nimechora upya michoro yote ya mkato, ile inayoonyesha ukuta kana kwamba umekatwa kwa kisu kama mkate. Nimefanya kazi hadi macho yakawa yanaona mistari hata ukutani kwangu. Mkandarasi katapila lake limekaa tu, na kila nikipita ananiuliza, "Mhandisi, tuchimbe au tulale?" Mvua nazo ziko njiani.

Nakuomba uiharakishe hii. Mkuu wangu, ambaye anasema wewe ndiye uliyemfundisha kazi akiwa kijana, ameniambia wazi: "Mzee akishaipitia, mimi ni nani wa kuongeza neno? Nitatia sahihi." Nilimwambia hajui utakavyoipaka rangi nyekundu. Akacheka, akasema anajua sana.

Mwanao,
Futi


3 Aprili

Futi,

Nimeipitia. Iko sawa. Sina alama ya kuweka.

Baba yako


11 Aprili

Baba,

Sikuamini. Niliigeuza nyuma, nikaiinua dirishani nikaitazama kwenye mwanga, nikidhani umeandika kitu kidogo pembeni ili unitege. Hakuna. Safi! Nimezunguka nayo ofisi nzima, na mkuu ametia sahihi hapo hapo, amesimama, hata kiti hakuvuta. Dada wa mapokezi, ambaye hajui nondo wala kokoto, amenikumbatia kwa sababu tu aliniona nikilia.

Nimekua, Baba. Naona haya kuliandika hilo, lakini nimeliandika.

Nilipiga simu nikuambie kwa mdomo wangu, Mama akasema umelala. Juzi nako ulikuwa umelala, na Jumapili ulikuwa bafuni. Umestaafu kweli kweli sasa. Basi lala, umepumzika kwa haki. Sisi huku tumeanza kuchimba.

Mwanao,
Futi


19 Mei

Baba,

Ukuta umeanguka.

Mvua ilinyesha mfululizo, kisha asubuhi mafundi wakaona ukuta umetoa tumbo katikati. Niliitwa. Nilipofika nikapiga kelele watu watoke chini, na wengi walitoka, ila fundi mmoja wa nondo alirudi kuchukua vifaa vyake. Kipande cha katikati kikamwangukia. Yuko hai, Baba. Mguu wake umevunjika chini ya goti na juu ya goti. Ana watoto wadogo, nimewaona hospitalini wamekaa kwenye benchi wanabembeza miguu.

Nilirudi ofisini nikatandaza michoro sakafuni, ya Februari upande huu na ya Machi upande ule. Sikuhitaji kutafuta. Ya Februari ina kokoto na matundu. Ya Machi haina. Nilipochora upya ile mikato nilishughulika na urefu na msingi na nondo, na njia ya maji nikaiacha kwenye karatasi ya zamani. Mafundi walijenga kile nilichochora, na nilichochora ni bwawa.

Kosa ni langu, na nimewaambia hivyo wakubwa kabla hawajaniuliza. Nimesimamishwa kazi kwa muda, wanachunguza. Sitaki kumtwika mtu mzigo wangu. Lakini kuna kitu kinanizunguka kichwani na kinaninyima hata kula. Maji ndiyo kitu cha kwanza unachokitazama. Kabla hujasoma jina la mradi unatazama maji. Baba, hukuona?

Futi


29 Mei

Futi,

Niliona.

Usidhani sikuona. Niliacha makusudi. Tangu chuo umekuwa ukiniegemea mimi, na mhandisi wa kuegemea mtu hajawa mhandisi bado. Nilitaka uikague kazi yako kwa macho yako mwenyewe. Nilijua ungeligundua kabla ya mvua. Hukuligundua. Basi sasa umejifunza, na hutasahau tena.

Mpe fundi pole zangu.

Baba yako


5 Juni

Baba,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipotania. Sikupapata.

Uliona ukanyamaza. Ulijua ukuta ule ungejazwa maji, ulijua watu wangefanya kazi chini yake, ukafunika kalamu yako ili unifunze adabu. Mimi ungeweza kunifunza kwa namna yoyote. Ungenitukana, ungenichania karatasi, ungemwambia mkuu wangu sifai. Yule fundi alikukosea nini? Jana daktari alisema mguu huenda usirudi kama ulivyokuwa. Mke wake ananiita "dada" na kuniletea kiti nikae, na mimi siwezi kumtazama usoni.

Nilikuwa nakuogopa nikiwa mdogo, halafu nikakuheshimu, na kwa muda wote huo nilidhani ukali wako ulikuwa wa kuwalinda watu watakaopita chini ya kuta zetu. Sikukufahamu.

Usinitumie tena kitu chochote chenye wino mwekundu. Nikiwa na michoro nitawapa wengine.

Mama msalimie.

(hakuna sahihi)


1 Septemba

Mwanangu,

Sijawahi kukuandikia barua. Watu wa barua ni nyinyi wawili, mimi ni wa simu. Lakini hili nikilisema kwenye simu nitalia, na nikilia baba yako atasikia, aje aulize kuna nini.

Nimeona miezi inakwenda huandiki, na ukipiga unaniuliza hali yangu tu, yake unairuka kama dimbwi. Nimenyamaza kwa sababu aliniapisha. Leo navunja kiapo, Mungu atanihukumu na yeye pia.

Baba yako anaumwa, Futi. Ni kichwa. Ilianza mwaka jana. Alikwenda dukani kununua sabuni, akaingia nyumba ya jirani, akakaa sebuleni kwao akaomba chai. Tulicheka wote siku ile, hata yeye. Kisha akaanza kuweka birika kwenye moto bila maji. Tulikwenda kwa daktari, akatuchorea ubongo kwenye karatasi kutuonyesha sehemu inayokufa, na baba yako akamsahihisha mchoro, akamwambia hauna vipimo. Daktari akacheka. Sisi tulilia tulipofika kituoni. Hakuna dawa ya kuuponya, kuna vidonge vya kuuchelewesha.

Akaniambia, "Futi asijue. Ana ukuta." Ndivyo alivyosema. Ndiyo maana kila ulipopiga simu alikuwa amelala au yuko bafuni. Wakati mwingine alikuwa amekaa hapa hapa pembeni yangu, ananitazama nikidanganya.

Michoro ya kwanza aliipitia vizuri, siku hizo bado alikuwa na asubuhi nyingi nzuri. Ile ya pili ilipokuja, aliitandaza juu ya meza ya chakula, akabana kona kwa vikombe. Alikaa nayo mchana kutwa. Kesho yake vile vile. Tulikula magotini. Ikafika saa akaniita, "Mama Futi, hebu njoo. Udongo uko upande gani hapa?" Nilidhani anatania. Nikamwonyesha kwa kidole ulipoandika "udongo". Akasema, ahaa. Baada ya muda akaniuliza tena.

Nilimwambia, mrudishie mtoto karatasi zake, mwambie unaumwa. Akasema, "Nikimwambia hataniletea tena." Akafungua kalamu, akaishika juu ya karatasi, mkono ukawa unakwenda huku na huku hauna pa kutua. Mwisho akaifunika, akaandika ile barua fupi. Mimi ndiye niliyeipeleka kwenye basi. Kwa hiyo kama unatafuta wa kumlaumu, mimi nipo.

Barua yako ya ukuta ilipofika, bahati mbaya ilimkuta katika siku yake nzuri. Alielewa yote. Futi, mimi nimeishi na mtu yule tangu msichana, na hata alipomzika mama yake sikumwona akitoa chozi. Siku ile alilia hadi nikamfungia mlango ili watu wasisikie. Nikamwambia, sasa mwandikie ukweli. Akakataa. Akasema: "Akijua sikuwa naona, ataanza kujiuliza ni alama zangu zipi nyingine zilikuwa za uongo. Atatilia shaka kila alichojenga. Afadhali anione mkatili."

Barua yako ya hasira aliisoma akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati. Nadhani alifurahi umeamini, na nadhani ndiyo iliyommaliza.

Siku hizi ile kalamu nyekundu anaishika kwa mazoea tu, ila barua bado anajiandikia. Barua zikija anataka afungue mwenyewe. Kuna siku ananiita dada. Sijui tuna muda gani, mwanangu, na sitaki uje siku moja ukalie mbele ya mtu aliyekwisha kuondoka. Mwandikie. Kisha uje.

Mama yako


8 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo.

Nilikuandikia vibaya mwezi wa sita. Nimejuta tangu siku nilipoitumbukiza barua ile, ila kiburi kilinishika, na kiburi hicho unajua nilikirithi wapi.

Fundi ameanza kutembea kwa mkongojo. Juzi alinitania kwamba sasa ananizidi miguu. Ofisi imenirudisha kazini, nikaomba niujenge ule ukuta upya kwa mkono wangu, wakanikubalia. Mvua ya kwanza imepita. Nilisimama chini yake peke yangu, nikaona maji yanatoka kwenye kila tundu.

Kuna jingine nataka ulijue. Nimefungua michoro yangu yote uliyowahi kunikagulia, tangu ya chuo. Nimepitia kila alama yako nyekundu, moja baada ya moja, nikazipigia hesabu upya. Kila moja ilikuwa kweli. Ile ngazi ya zahanati, lile kalvati la kupitisha maji chini ya njia ya shule, vyote vimesimama, na vimesimama kwa sababu yako. Sina shaka na hata kimoja. Huo ukuta mmoja niliuchora mimi, na kosa lake nalibeba mimi.

Nimeomba ruhusa, nakuja nyumbani mwisho wa mwezi huu. Sina mchoro wa kukuletea. Nataka nikae na wewe tu, Baba.

Mwanao,
Futi


18 Septemba

Ndugu Mhandisi,

Nimepokea barua yako na nakushukuru. Mwandiko wako unasomeka, jambo ambalo kwa vijana wa kazi yetu ni nadra. Umeniita baba, nami nimelipokea kwa heshima. Wengi niliowafundisha waliniita hivyo. Nimefurahi kusikia kwamba ukuta wako unatoa maji.

Nikuombe jambo, kwa kuwa uko huko kazini. Mimi nina binti, naye ni mhandisi wa ujenzi. Huenda mmekutana. Ni mdogo wa umbo, anatembea haraka, na akikasirika anakuwa mpole sana, hapo ndipo umwogope. Mimi amenikasirikia. Haandiki tena.

Alinitumia mchoro nikamrudishia bila alama. Nilimwambia niliona kosa nikaliacha makusudi. Si kweli. Niliona mistari, nikajua ni mistari, basi. Michoro siisomi tena. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui na huna cha kupoteza. Yeye usimwambie. Akijua ataanza kuzitilia shaka kuta zake, na kuta zake ni nzuri. Mwache anichukie, kazi yake isimame.

Lakini ukimwona hana shughuli nyingi, mwambie apite nyumbani. Asiogope, sitamuuliza kitu. Nataka kumwona tu. Mke wangu ananiambia atakuja, lakini nadhani anasema hivyo kunifariji.

Wako katika kazi,
Mhandisi Mstaafu


24 Septemba

Ndugu Mhandisi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata.

Binti yako namfahamu vizuri, tunafanya kazi chumba kimoja. Nimemfikishia kwamba unamwita nyumbani. Lile jingine sikumwambia, na nakuahidi sitamwambia kamwe. Kuta zake hana wasiwasi nazo.

Hakuchukii. Ameniomba niliandike tena kwa herufi kubwa, ikiwa huna miwani karibu: HAKUCHUKII. Alikasirika kwa sababu alikuwa hajui, na sasa hasira imekwisha yote. Anasema umekuwa baba mzuri kuliko alivyowahi kukuambia, na kwamba alipaswa kukuambia mapema.

Anakuja Jumamosi. Mimi nimeomba kumsindikiza, maana nami nina hamu ya kukuona. Ila safari zina mambo yake, anaweza kuchelewa. Kwa hiyo mlango ukigongwa, ukafungua na kumwona mwanamke mmoja tu usiyemfahamu, usihuzunike, wala usiufunge. Ni mimi. Nikaribishe ndani, tukae pamoja tumsubiri. Sitaondoka mpaka afike.

Mhandisi mwenzako